Nyasi Fupi za Uani Kusini mwa Maniema: Kuutunza Udongo wa Nyumbani Masika na Kiangazi

Kusini mwa jimbo la Maniema, katika wilaya za Kasongo na Kabambare, nyumba inayojiheshimu hutambuliwa kwa ua uliofagiliwa alfajiri mpaka udongo mwekundu ukabaki mtupu, bila jani wala takataka, huku mistari ya ufagio wa njiti za mchikichi ikionekana juu yake kabla watoto hawajaikanyaga. Desturi hiyo haikuzuka bure. Majani marefu karibu na nyumba huficha nyoka, hasa kifutu, ambaye hujilaza kimya njiani asikimbie hata mtu akimkaribia. Nyasi zilizokauka huuleta moto wa nyika hadi kwenye paa. Na kazi ya pamoja ya lazima iliyoenezwa nchini zama za Rais Mobutu kwa jina la Salongo ilivizoesha vizazi kadhaa kuamini kwamba kufyeka na kung'oa ndio usafi wenyewe. Hata hivyo ua mtupu una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kidogo kidogo kwa udongo, mwaka baada ya mwaka, bila mwenye nyumba kuletewa hesabu. Nyasi fupi zinazotambaa, zikipandwa mahali panapostahili na kutunzwa kwa kufuata mvua na kiangazi, hazifichi nyoka, hazipitishi moto kwa urahisi, na zaidi ya hayo huushika udongo ambao ufagio hauwezi kuushika. Kuitazama gazoni, yaani uwanja wa nyasi fupi za kukatwa, kama pambo la matajiri ni kuikosea, kwa maana kazi yake kubwa katika nchi ya mvua nyingi ni kuilinda ardhi iliyobeba nyumba.

Ili kuelewa sababu, yafaa kuanza na tone la mvua. Tone la mvua ya radi huupiga udongo mtupu kwa nguvu ya kutosha kuzivunja chembe zilizoshikamana, na zile zilizo nyembamba zaidi hurushwa pembeni, kisha huziba matundu madogo ambayo maji yangepitia kuingia chini. Juu ya udongo hutokea ganda gumu, maji yakakosa pa kuingia yakatafuta mteremko, na yakiondoka huondoka na tabaka ya juu yenye rutuba. Hicho ndicho wataalamu wa ardhi wanachokiita mmomonyoko. Wakati wa kiangazi ufagio huiendeleza kazi hiyo hiyo, kwa kuwa kila asubuhi huchukua vumbi laini pamoja na majani makavu ambayo yangeoza na kuurudishia udongo chakula chake. Ua wa mita 10 kwa 10 ukipoteza unene wa milimita moja tu, udongo uliokwenda ni lita 100, yaani bidoni tano za lita 20, na hakuna mwenye nyumba ambaye angemruhusu jirani aje kuzichota bidoni hizo tano. Anayetaka ushahidi na autazame mwembe wa siku nyingi uani, ambao mizizi yake imeinuka juu ya ardhi kwa kimo cha kiganja ilhali haukupandwa hivyo. Au na atazame chini ya ukingo wa paa la nyumba ya matofali mabichi, mahali ambapo maji ya bati yamejichimbia mfereji na kuanza kulila tofali la chini kabisa. Bati linalofunika mita 50 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 30, humwaga lita 1,500 juu ya mistari miwili ya udongo isiyozidi upana wa shibiri mbili, na hiyo ni mvua ya alasiri moja.

Vumbi nalo lina wakazi wake. Tekenya, yule kiroboto mdogo ambaye jike lake hujichimbia katika ngozi ya miguu ili kuyakuza mayai yake, si mwenyeji wa Afrika: alitoka Amerika ya Kusini, akafika pwani ya Angola mwaka 1872, akavuka bara pamoja na misafara ya wachukuzi, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amekwisha kufika pwani ya mashariki, Maniema ikiwa katikati ya safari hiyo. Mayai yake yakianguka hukulia katika udongo mkavu uliolegea, ndiyo maana adha yake huzidi miezi ya kiangazi, na ndiyo maana ardhi iliyofunikwa na nyasi fupi humpa mahali padogo pa kuzaliana kuliko ua wa vumbi. Kuhusu mbu, inafaa kusema kweli bila kutia chumvi. Nyasi fupi hazimfukuzi mbu wa malaria, kwa sababu Anopheles gambiae, aliye hodari kuliko wote kueneza ugonjwa huo katika nchi hizi, hutaga katika vidimbwi vidogo vya maji ya mvua vinavyopigwa na jua, kama vile shimo lililochimbwa udongo wa matofali likaachwa wazi, au nyayo za mifugo zilizojaa maji. Chandarua kinabaki kuwa chandarua. Faida ya nyasi hapa ni ya pembeni tu: anayepanda nyasi hulazimika kwanza kuusawazisha ua na kuyafukia mashimo, na kazi hiyo huwapunguzia mbu malazi.

Wazo la kuutunza ua kama bustani si geni Kasongo. Mji huo ulikua kuwa makao ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, na ya wafanyabiashara Waungwana, yaani Waswahili Waislamu, waliotoka Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika na kupitia Kabambare kuelekea Nyangwe kwenye mto Lualaba. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji mwezi Aprili 1893, daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja nayo, Sidney Langford Hinde, alistaajabu kwa yale aliyoyakuta akayaandika katika kitabu alichokichapisha mwaka 1897: bustani zenye michungwa mitamu na michungu, mipera, mikomamanga, mananasi, miembe na migomba. Utajiri wa mji huo uliletwa na biashara ya pembe na ya watu, jambo ambalo haliwezi kusahaulika panaposifiwa bustani zake. Ila yeyote asomaye orodha hiyo ya miti ataona pia kwamba haina nyasi za kukatwa. Watu wa Kasongo ya wakati huo walipanda kwa ajili ya kivuli na matunda. Gazoni iliingia baadaye, pamoja na nyumba za watawala wa Kibelgiji na misheni, na pengine ndiyo sababu hadi leo huhesabiwa kuwa mali ya ofisi, parokia na wakubwa.

Jambo la kuchekesha ni kwamba gazoni ya Kizungu, inapokwenda katika nchi zenye joto, hutumia nyasi za Afrika. Ukoka, ule unaotambaa kando ya kila njia ya Maniema na ambao wataalamu wa mimea wanauita Cynodon dactylon, ulivushwa bahari na sasa ndio unaofunika viwanja vya michezo na nyua za kusini mwa Marekani. Nyasi zilizopewa jina la Wakikuyu wa Kenya, kwa kuwa zilichukuliwa katika nyanda zao za juu, zimeenea Australia, Afrika Kusini na California. Nyasi za bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, hupandwa Brazil kwa ajili ya malisho. Mkulima wa Kabambare anayeung'oa ukoka shambani kwa hasira, na ana haki ya kuung'oa humo, anatupa mmea ambao watu wa mbali wanaununua kwa fedha.

Kilichotoka Ulaya kweli ni kalenda, na kalenda hiyo haifai hapa. Tangu fundi Mwingereza Edwin Budding alipobuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, vitabu vya utunzaji wa nyasi vimeandikwa kwa nchi zenye majira manne, ambamo nyasi hulala wakati wa baridi kali, huamka Machi au Aprili, na hukatwa sana Juni hadi Agosti. Kasongo iko takriban digrii nne na nusu kusini mwa ikweta. Joto lake hubadilika kidogo tu mwaka mzima, na kinachoziamsha nyasi na kuzilaza ni maji: mvua huanza kurudi Septemba, huendelea hadi Mei, mara nyingine ikilegea kidogo Januari au Februari, kisha hufuata kiangazi cha Juni, Julai na Agosti. Kwa hiyo miezi ambayo kitabu cha Ulaya kinahimiza kukata na kumwagilia ndiyo hasa miezi ya kuziacha nyasi za Kasongo zipumzike, na mtu anayekifuata kitabu hicho neno kwa neno huzidhoofisha nyasi zake kwa bidii yake mwenyewe.

Uchaguzi wa nyasi hutegemea jua na mteremko. Ukoka hupenda jua kamili, hutambaa kwa vikonyo vya juu ya ardhi na kwa mashina yaliyo chini ya udongo, huvumilia kukanyagwa, na ukikatwa vizuri hupona haraka kuliko nyasi nyingine. Aibu yake ni kwamba hauheshimu mipaka, na ukiwa jirani na kitalu cha mboga utaingia. Kwenye mteremko na udongo maskini zinafaa zaidi zile nyasi ambazo sehemu nyingi za Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi huziita pasipalumu, yaani Paspalum notatum, zenye asili ya Amerika ya Kusini, ambazo mashina yake mafupi na manene husongamana juu ya ardhi na mizizi yake huenda chini sana, hata zikastahimili kiangazi bila kunyweshwa. Zenyewe huenda polepole na hazitambai mbali, sifa ambayo mwenye bustani ya lengalenga, yaani mchicha, ataishukuru. Chini ya miembe, ambako ukoka hunyong'onyea kwa kukosa jua, hustawi nyasi fupi zenye majani mapana ziitwazo na wataalamu Axonopus compressus, zinazopenda unyevu na kuvumilia udongo wenye uchachu. Nyasi za Wakikuyu haziwezi kupendekezwa, kwa kuwa ni za nyanda za juu zenye ubaridi, na mji wa Kasongo uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Yapo pia majani yasiyofaa kabisa kuachwa uani hata yakiwa mabichi na ya kupendeza, kama yale yenye ncha kali yanayotawala mashamba yaliyochoka na kuungua kila mwaka, Imperata cylindrica, ambayo mashina yake ya chini hutoboa kama sindano na ambayo yakiachwa masika mawili hayatoki tena bila jembe.

Udongo wa sehemu kubwa ya eneo hili ni wa aina iliyochakaa kwa mvua ya zama nyingi. Maji yamekwisha kuondoa chokaa, magnesi na potashi, yakaacha oksidi za chuma, ambazo ndizo zinazoupa wekundu wake, pamoja na alumini, ambayo katika udongo wenye uchachu hudhuru mizizi. Dawa iliyo karibu kuliko zote iko jikoni. Majivu ya kuni yana kalsiamu na potasiamu, na konzi moja kwa kila mita ya mraba, iliyonyunyizwa mara moja kwa mwaka na kuchanganywa na udongo wa juu, hupunguza uchachu bila kumgharimu mtu faranga. Yasizidishwe, na yasichanganywe na mbolea mbichi ya kuku au mbuzi, kwa sababu yakikutana nayo huifanya naitrojeni, yaani kile chakula kinachoyapa majani rangi ya kijani na nguvu ya kukua, iruke hewani kama gesi. Ile harufu kali inayopanda puani wakati huo ndiyo mbolea yenyewe inayopotea. Kimoja kitangulie, na kingine kifuate baada ya wiki kadhaa.

Mwaka wa nyasi, basi, huanza mwisho wa Agosti, kabla ya mvua, wakati ardhi ingali kavu na mikono haijaitwa shambani. Ndipo mifereji iliyochimbwa na maji ya mwaka uliopita hujazwa, mashimo hufukiwa, na udongo uliogeuka kuwa ganda hukwaruzwa kwa jembe kwa kina cha vidole vitatu au vinne, bila kuupindua sana, ili mvua ya kwanza isiuchukue wote. Majivu hutiwa wakati huo. Kupanda kwenyewe ni bora kungoje mpaka mvua zishike sawasawa, na hapa kuna ugomvi wa kazi usioweza kufichwa: Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya mahindi, karanga na mpunga, na hakuna mtu mwenye akili atakayeacha kupanda mpunga ili apande gazoni. Kwa bahati njema nyasi hazina haraka hiyo. Zikipandwa Novemba, baada ya mbegu za shamba kuota, bado zina miezi sita ya mvua mbele yake.

Hazipandwi kwa mbegu. Mbegu za pasipalumu zina ganda la nta linalochelewesha kuota, na mvua kubwa huzikusanya zote mahali pamoja chini ya mteremko. Njia ya hapa ni vipandikizi: vishina vyenye mizizi hukatwa kutoka mahali ambapo nyasi zimekwisha kusongamana, hupandwa shibiri moja hivi kutoka kimoja hadi kingine, na hukanyagwa kwa kisigino ili udongo uishike mizizi bila kuacha uwazi wa hewa. Mistari ikate mteremko, isishuke nao, kwa maana mstari unaoshuka huwa njia ya maji kabla haujawa mstari wa nyasi. Katikati ya mistari hutandazwa majani makavu au makapi ya mpunga, tabaka nyembamba tu, ili tone la mvua lisipige udongo mtupu wakati nyasi bado ni changa. Mwenye vipandikizi vichache aanze chini ya ukingo wa paa na mahali maji yanapotokea nje ya ua, sehemu nyingine zingoje mwaka wa pili. Kusambaza vipandikizi vichache ua mzima ni kuwalisha mbuzi.

Kuanzia Desemba hadi Aprili kazi kubwa ni kukata, na hapo ndipo nyasi nyingi huharibika. Jani la nyasi hukua kutoka kwenye kitako chake, karibu na ardhi, tofauti na mimea mingi ambayo hukua kwenye ncha. Ndiyo sababu nyasi hukatwa zikaendelea ilhali mche mchanga wa mchicha ukikatwa chini ya majani yake yote hufa. Lakini jani ndilo jiko la mmea, linalotumia jua kutengeneza chakula cha mizizi, na nyasi zilizokatwa mpaka ardhini hulazimika kuila akiba yao ya chini ili kuota upya, mizizi ikawa mifupi, na kiangazi kikizikuta katika hali hiyo huacha mabaka matupu. Kanuni inayofuatwa na watunzaji kote duniani ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Ukoka uachwe sentimita nne au tano, pasipalumu sita hadi nane. Masika yakiwa yamechanganya, hiyo ni kazi ya kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na si kazi ya mara moja siku ya ukaguzi wa usafi, wakati majani yamekwisha kufika magotini. Anayetumia fyekeo, ambalo wengi hulijua kwa jina la kupekupe, alinoe kabla ya kuanza, kwa sababu makali butu huyachana majani badala ya kuyakata, na ncha zilizochanika hukauka na kuwa za kahawia. Mabaki ya mkato mfupi yaachwe palepale, yaoze na kuurudishia udongo naitrojeni iliyomo. Kuyafagia na kuyachoma moto, kama ilivyozoeleka, ni kuuchoma mfuko mdogo wa mbolea kila wiki.

Mifugo nayo hukata, kwa namna yake. Kondoo hula nyasi karibu na ardhi na kwa usawa, mbuzi hupendelea majani ya vichaka na miche michanga, na wote wakifungwa mahali pamoja siku nzima hukanyaga mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu, maji yasiingie. Udongo ulioshikamana hivyo, uwe umekanyagwa na mbuzi au na watoto wacheza mpira, hufunguliwa kwa kuuchoma kwa chuma chenye ncha, tundu hapa na tundu pale, kina cha kidole kirefu, siku moja baada ya mvua wakati ardhi ni laini. Mahali ambapo watu hupita kila siku, kutoka mlangoni hadi jikoni na kutoka jikoni hadi msalani, hakuna nyasi zitakazodumu, na ni busara zaidi kutandika mawe au vipande vya matofali ya kuchoma kuliko kupandikiza upya kila mwaka.

Magugu hupungua yenyewe nyasi zikisongamana, lakini mwaka wa kwanza yahitaji mkono. Ndago, yenye vijitunguu chini ya udongo, haishindwi kwa kukatwa. Hung'olewa pamoja na kijitunguu chake udongo ukiwa umelowa. Kifauongo, ule mmea wenye miiba unaofumba majani ukiguswa, utolewe mapema kwa ajili ya miguu ya watoto. Mimea midogo ya jamii ya kunde inayotambaa ndani ya nyasi, yenye vijani vitatu vitatu, haina ubaya na ingefaa iachwe, kwa kuwa vijidudu vinavyoishi katika mizizi yake huchukua naitrojeni ya hewani na kuiingiza ardhini bure. Viwavijeshi wakionekana katika ukoka mwanzoni mwa mvua, mwenye shamba la mahindi karibu na aamke, maana wakimaliza nyasi hawarudi walikotoka.

Mbolea hutolewa mara mbili katika masika, na si zaidi: mara ya kwanza nyasi zinapoanza kukua kwa nguvu, mara ya pili Machi au mwanzo wa Aprili. Samadi ya mbuzi iliyooza miezi mitatu hivi, mpaka haina joto wala harufu kali, husagwa kwa mikono na kunyunyizwa nyembamba kiasi kwamba majani yanaonekana juu yake. Ile ya pili haifai kuchelewa hadi mwisho wa Mei, kwa sababu huzihimiza nyasi zitoe majani mororo wakati ambapo zapaswa kuweka akiba chini.

Kisha kiangazi huingia, na swali la maji huja. Kuloanisha mita 100 za mraba kwa milimita 25, kiasi ambacho vitabu vya nchi nyingine hupendekeza kwa wiki, kunahitaji lita 2,500, yaani bidoni 125 zilizochukuliwa kichwani kutoka kisimani au mtoni, na wanaozichukua kwa kawaida ni wanawake na wasichana. Jibu ni la wazi: nyasi zilizokwisha kushika zisimwagiliwe. Zitageuka rangi ya kahawia Julai, zitaonekana zimekufa, na wengi huzing'oa wakati huo kwa kudhani hivyo. Lakini chini ya udongo mashina ya ukoka na ya pasipalumu yamelala tu, na mvua ya Septemba itayaamsha. Maji yaliyooshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yatoshe vipandikizi vipya vilivyochelewa. Mkato wa mwisho hufanywa mwisho wa Mei, juu kidogo ya kawaida ili kivuli cha majani kiihifadhi mizizi, ila si juu sana, kwa kuwa moto wa Agosti hukimbilia nyasi ndefu zilizokauka. Kwa sababu hiyo ukanda mtupu unaofagiliwa nje kabisa ya ua, upande wa nyika, ubaki kama ulivyo. Katika hilo wazee walikuwa sahihi, na nyasi hazikuja kuuondoa.

Wala ua mzima hauhitaji nyasi. Mihogo yapasa ianikwe, mpunga ukaushwe, chikichi zimenywe, moto wa jikoni uwake, na kazi hizo zote zinataka ardhi ngumu isiyo na majani. Mahali pa kupanda ni pale penye mteremko, chini ya matone ya paa, kuzunguka mizizi ya miti iliyofunuka, na upande wa watoto kucheza, na mara nyingi hiyo ni nusu ya kiwanja au chini yake. Katika vitongoji vilivyosongamana, kama vile vya Salamabila katika wilaya ya Kabambare, ambako dhahabu imeleta watu wengi na nyumba zimekaribiana, ukanda wa nyasi wenye upana wa mita moja kando ya ukuta ni mwingi, na unatosha kulinda msingi.

Shida inayobaki ni ya maji yanayotoka, kwa kuwa maji hayajui mpaka wa kiwanja. Ua uliopandwa nyasi juu ya mteremko hauna faida kamili iwapo ua wa chini ni mtupu, na mfereji wa barabarani unaochimbwa siku ya Salongo na kuachwa kingo zake zikiwa wazi hugeuka korongo baada ya masika machache. Kingo za mfereji huo zikipandwa pasipalumu pande zote mbili wiki ile ile ya kuchimbwa, na chini yake pakaachwa udongo mgumu au mawe ili maji yapite, hudumu bila kubomoka. Vipandikizi vya kazi hiyo hupatikana katika nyua zilizopandwa mwaka uliotangulia, ambazo kufikia masika ya pili huwa zinahitaji kupunguzwa hata hivyo, hasa kandokando ya njia na karibu na vitalu vya mboga.